UZI MAALUMU: Kumtunza Mkristo aliye mwishoni mwa safari, nyumbani. Maumivu, sakramenti, maombi na wageni

Muuguzi_Shufaa (mwanzilishi wa uzi):

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Uzi huu ni wa familia ambazo hospitali imeshawaambia, "Mrudisheni nyumbani, tumefika hapa." Saratani iliyosambaa, figo, ini, moyo uliochoka. Mahubiri ya kustahimili yapo mengi na mazuri. Kilicho adimu ni maelezo ya nini kifanyike chumbani saa nane za usiku, mgonjwa akiuliza Mungu yuko wapi huku ameuma shuka kwa maumivu.

Msimamo wangu nauweka mapema: aliyelala kitandani hana tena nguvu ya kuibeba imani yake peke yake. Wanaomzunguka ndio wanaombebea, na wanambebea kwa mikono kabla ya midomo. Mara nyingi kinachoonekana kuwa imani imeporomoka ni kitu kinachotibika: maumivu yasiyo na dawa, kinywa kilichokauka, choo kilichofunga siku tano, au wageni kumi na watano wanaohubiri kwa zamu.

Tuanze na maumivu. Dawa kuu ya maumivu makali ya saratani ni mofini ya maji ya kunywa. Hupangwa na daktari, na mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia mara nyingi huanzishwa miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4. Hutolewa kwa saa, maumivu yawepo au yasiwepo. Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea: wanasubiri mgonjwa alie ndipo wampe, halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Maumivu yakishapanda, kuyashusha kunataka dawa nyingi kuliko kuyazuia yasipande. Andikeni saa ukutani kwa kalamu nene: 12 asubuhi, 4, 8 mchana, 12 jioni, na ya kulala saa 4 usiku. Ile ya kulala daktari mara nyingi huifanya maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa. Kuna ya miligramu 5 kwa mililita 5, na kuna ya miligramu 50 kwa mililita 5. Kijiko ni kilekile, dawa ni mara kumi. Kila mkibadilishiwa chupa someni upya, na pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, msikisie kwa kijiko cha jikoni. Pili, mofini hufunga choo, na hilo haliishi kwa kuzoea. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Tatu, usingizi na kichefuchefu cha siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida na huwa vinapungua. Mkiona usingizi unazidi, hamwezi kumwamsha, au anapumua polepole mno, msimpe dozi inayofuata. Pigeni simu kwa timu yenu ya hospitali mara moja, hasa kama figo zina shida.

Ndugu_wa_Maombi:

Asante mtumishi. Swali linaloulizwa sana makanisani: Yesu alipewa divai iliyotiwa manemane pale Golgotha akaikataa, Marko 15:23. Wapo wanaofundisha kwamba Mkristo akinywa mofini amekimbia msalaba wake, na wengine kwamba kumeza dawa ni kukosa imani ya uponyaji. Mgonjwa akisikia hivyo anakataa dawa. Tumjibu nini?

Mchungaji_Mstaafu:

Mjibuni kwa Maandiko hayohayo. Kikombe cha Kristo kilikuwa chake peke yake. Aliteswa mara moja kwa ajili ya wote, na hakuna mahali alipomwagiza mgonjwa akatae nafuu ili naye alipe sehemu. Yeye mwenyewe katika mfano wa Msamaria amemsifu aliyemimina mafuta na divai kwenye majeraha, Luka 10:34. Hezekia aliomba, Mungu akaahidi kumponya, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, Isaya 38:21. Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, 1 Timotheo 5:23. Sasa, nani atasema Timotheo alikosa imani?

Kwa ndugu Wakatoliki, Papa Pius XII alilizungumza jambo hili waziwazi mwaka 1957: dawa za kutuliza maumivu ni halali, hata kama matokeo yasiyokusudiwa ni kupunguza fahamu au kufupisha maisha, mradi lengo ni kutuliza na mgonjwa amepewa nafasi ya kutimiza wajibu wake wa kidini na wa kifamilia. Ndiyo maana mazungumzo ya maana, toba na sakramenti hayafai kuahirishwa.

Kuhusu anayehubiri kwamba hujapona kwa sababu huna imani, huyo azuiliwe mlangoni. Nasema kwa uzito. Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke, na jibu alilopewa lilikuwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Mwiba ulibaki na mtume akabaki mtume. Mgonjwa anayeambiwa atoe mbegu ya fedha ili apone anaibiwa mara mbili: fedha ya dawa, na amani.

Katekista_wa_Kigango:

Nijazie upande wa Katoliki, maana kuna uelewa uliopinda unaowanyima watu neema.

Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa watu bado wanauita mpako wa mwisho, kwa hiyo wanaogopa kumwita padre wakidhani mgonjwa atajua anakufa. Kanisa linautoa mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Unaweza kurudiwa akipata nafuu kisha akaugua tena, au hali ikizidi kuwa mbaya katika ugonjwa uleule. Mwiteni padre mgonjwa akiwa bado anaongea, aungame kwa kinywa chake. Shemasi na katekista hawawezi kupaka mafuta hayo. Ni askofu na padre tu. Aliyepoteza fahamu hupewa ikiwa angeitaka sakramenti hiyo alipokuwa na akili zake. Kama hamna uhakika amekwisha kufariki au la, mwiteni tu padre, yeye ataamua.

Mpangilio wa siku za mwisho ni Kitubio (maungamo), Mpako, kisha Komunyo ya njiani, ile tunayoiita masurufu. Komunyo hiyo inaweza kuletwa na mhudumu aliyeruhusiwa, hata kama mgonjwa alikwisha kukomunika siku hiyohiyo. Kufunga saa moja kabla ya Komunyo hakumhusu mgonjwa wala mzee, na wanaowahudumia pia wamesamehewa. Anayeshindwa kabisa kumeza kitu kigumu anaweza kupokea kwa umbo la divai peke yake, ila padre aambiwe mapema ajiandae.

Chumbani andaeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji ya baraka, glasi ya maji ya kunywa na kijiko. Kama kuna mtungi wa oksijeni, mshumaa usiwashwe. Zimeni redio na simu. Padre akianza kusikia maungamo, wote tokeni nje na mlango ufungwe, hata mama mzazi.

Halafu kuna suala la ndoa ambayo haijabarikiwa. Watu wengi wamekaa miaka bila Komunyo kwa sababu hiyo, na familia inaona aibu kumwita paroko. Mwiteni! Katika hatari ya kifo sheria ya Kanisa inalegezwa sana: padre yeyote anaweza kumwondolea dhambi, na njia ya kubariki ndoa palepale kitandani ipo. Kinachotakiwa ni kumweleza paroko ukweli wote kwenye simu, ili aje akiwa na ruhusa na karatasi zinazohitajika.

Na kama mgonjwa anaomba ubatizo na padre hawezi kufika, mtu yeyote anaweza kumbatiza akiwa na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa. Mmiminie maji kichwani mara tatu ukisema jina lake, kisha "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji lazima yatiririke juu ya ngozi. Mjulisheni paroko baadaye ili aandike daftarini.

Mwinjilisti_Mtaa:

Kwetu Walutheri kikwazo kinachofanana na hicho ni mtu aliye nje ya ushirika, yaani asiyeshiriki Chakula cha Bwana. Familia inasubiri, inasubiri, mwisho mzee anafariki hajarudi kundini, na hapo ndipo mabishano ya nani atazika yanaanza jeneza likiwa sebuleni. Mgonjwa hatakiwi kubebwa hadi mbele ya madhabahu. Mpigieni mwinjilisti wa mtaa au mzee wa kanisa wa jumuiya yenu, naye amfikishie mchungaji. Mchungaji anakuja nyumbani na mzee wa kanisa mmoja, anasikia toba, anatangaza msamaha, anampa Chakula cha Bwana palepale. Dakika ishirini zinatosha.

Msisahau Yakobo 5:14: "Na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana." Ni mgonjwa ndiye anayeita. Kwa hiyo aulizwe kwanza kama anataka, na anataka nani. Kuna wagonjwa wanaletewa kundi la watu wasiowajua, linawawekea mikono kifuani penye uvimbe, na wanashindwa kusema kwamba wanaumia.

Muuguzi_Shufaa:

Hapo kwenye Meza ya Bwana niongeze la kitabibu, maana mgonjwa anaweza kupaliwa na mkate.

Kabla mchungaji au padre hajaanza, muinueni mgonjwa kwa mito mpaka awe ameketi, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Kichwa kilichorudi nyuma ndicho kinachopeleka chakula kwenye njia ya hewa. Msafisheni kinywa kwanza. Mjaribuni kwa kijiko cha chai cha maji: akimeza bila kukohoa na sauti haikuwa ya majimaji, endeleeni. Kipande cha mkate au hostia kiwe kidogo sana, kimeloweshwa, kisha maji kijiko kimoja. Abaki ameketi nusu saa. Kama anakohoa hata kwa maji, mwambieni mchungaji kabla ibada haijaanza, asije akagundua ameshashika mkate.

Kinywa kikavu kinanyima watu hata kusema Baba Yetu. Robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni, pangusa fizi, ulimi na mashavu kwa ndani. Kila baada ya saa mbili hadi nne akiwa hanywi tena. Utando mweupe usiotoka vizuri, au unaoacha wekundu, ni fangasi na dawa yake ipo, ombeni.

Binti_Sayuni:

Naomba msaada wa maelezo. Mgonjwa aliyeokoka miaka mingi anaanza kupiga kelele usiku, anavua nguo, anasema anaona watu ukutani, wengine anawatukana. Familia inasema ni mapepo, inataka kuita timu ya ukombozi. Inakuwaje mtu wa Mungu afikie hapo?

Muuguzi_Shufaa:

Kabla ya kuita timu yoyote, gusa tumbo chini ya kitovu. Kama limejaa na kukaza, na hajakojoa tangu asubuhi, ni kibofu. Mpira wa mkojo ukiwekwa, kelele zinaweza kuisha muda mfupi tu baadaye. Kisha ulizeni choo mara ya mwisho lini. Pimeni joto, na malaria kama mnaishi penye malaria. Angalieni dawa iliyoongezwa au kubadilishwa karibuni. Angalieni kama dozi ya mofini imerukwa. Figo au ini likishindwa kusafisha damu, akili inachanganyikiwa, na mtu hutamka maneno ambayo hajayachagua. Hiyo ni hali ya kitabibu na dawa ya kumtuliza ipo, daktari ajulishwe.

Wakati mnasubiri, acheni taa ndogo iwake, mtu mmoja anayemfahamu akae naye, aongee kwa sauti ya chini na kumtajia mahali alipo na saa ngapi. Msimfunge kamba. Kukemea kwa sauti kubwa kunamtisha mtu ambaye tayari haoni sawasawa.

Kuona wapendwa waliotangulia, kwa utulivu, ni jambo jingine. Hutokea sana siku za mwisho, na wengi hufarijika nalo. Msibishane naye. Muulizeni tu, "Anasema nini?"

Mchungaji_Mstaafu:

Na matusi yale asihesabiwe, wala yasisimuliwe msibani. Mungu anayajua maumbile yetu, Zaburi 103:14.

Niseme kuhusu maombi na masomo. Fupi. Dakika tano hadi kumi kwa mgonjwa dhaifu, hata kama mgeni ametoka mbali. Keti, usisimame juu yake. Sema jina lako. Uliza, "Leo ungependa tuombe nini?" na usubiri jibu mpaka lije. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba mchana na usiku pasipo kusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua midomo kueleza sababu.

Zaburi ya 23 someni taratibu, na angalieni aya ya nne. Mpaka hapo Daudi anamsema Mungu kwa nafsi ya tatu: hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Akiingia bonde la uvuli wa mauti anageuka: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Aliyekuwa anamzungumzia, sasa anazungumza naye. Simameni pale "Wewe", mrudieni mgonjwa taratibu, halafu nyamazeni.

Mgonjwa anayelalamika msimkimbize kwenye zaburi za furaha. Msomeeni ya 13, au ya 22, au hata ya 88, inayoishia gizani bila kugeuka. Ipo kwenye Biblia ili mtu wa hali hiyo naye awe na la kuomba. Anayesema "sioni tena kama naamini" mpeni sala ya yule baba wa Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza, alimponya mwanawe.

Akishindwa maneno mengi, apumue na sala: akivuta pumzi "Bwana Yesu", akitoa "nihurumie." Akishindwa hata hayo, nyinyi semeni naye asikie. Na mwimbieni tenzi alizojifunzia utotoni, kwa lugha aliyojifunzia. Mzee wa Kihaya au Kinyakyusa aliyesahau majina ya watoto wake anaweza kuimba beti zote kwa lugha ya mama yake. Ubeti mmoja au miwili, sauti ya chini, bila ngoma wala kinanda.

Mama_wa_Jumuiya:

Wapendwa, hapa niseme la wazi. Tunachanga sana mtu akishakufa: turubai, gari, sare, chakula cha watu mia tatu. Alipokuwa kitandani alikosa nauli ya kufuata dawa. Jumuiya yenye upendo ichange sasa. Vinavyohitajika ni sabuni, nepi za watu wazima, karatasi ya nailoni ya kutandika chini ya shuka, nauli ya mwanafamilia kwenda kuchukua mofini, na uji wa anayeuguza.

Wekeni ratiba ya wiki, mtu mmoja kwa siku, saa mbili tu, kazi yake kumpumzisha anayeuguza alale au aende ibadani. Mwenye zamu asilete maombi ya kelele, alete mikono: kufua, kuchota maji, kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Mgeuzeni watu wawili kwa shuka lililokunjwa chini yake, mmoja kila upande, mnyanyue kidogo bila kumburuta. Kumburuta kunachuna ngozi ya makalio na visigino, na kidonda cha mgandamizo kikishafunguka kwa mgonjwa aliyekonda hakifungi kirahisi.

Wageni wasizidi wawili chumbani kwa wakati mmoja. Mzee wa jumuiya asimame mlangoni aseme hivyo kwa heshima, maana mke wa mgonjwa hawezi kumwambia shemeji yake atoke.

Na wosia. Isaya alimwambia Hezekia, "Tengeneza mambo ya nyumba yako." Uandikwe mgonjwa akiwa na akili timamu, utiwe tarehe, utiwe saini au dole gumba mbele ya mashahidi wasio warithi. Tanzania unaweza kuhifadhiwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Madeni yatajwe, ya kudai na ya kudaiwa. Ugomvi wa ndugu nao umalizwe. Kama mdogo wake hawasalimiani tangu kesi ya shamba, atafutwe leo. Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, Yohana 19:26-27. Kupanga mambo ya walio nyuma ni ibada.

Ndugu_wa_Maombi:

Je, mgonjwa aambiwe ukweli kwamba hatapona? Wengi tunaficha ili asikate tamaa.

Mchungaji_Mstaafu:

Mara nyingi anajua kuliko mnavyodhani, na mnapoficha anabaki peke yake na anachokijua. Muulizeni, "Unauonaje ugonjwa wako?" Jibu lake litawaonyesha amefika wapi na anataka kusikia kiasi gani. Asiyetaka kujua msimlazimishe. Anayeuliza asidanganywe. Na kumwombea uponyaji hakukomi kwa kusema ukweli. Ombeni yote mawili kwa sauti, apone Bwana akipenda, na asiachwe kamwe.

Muuguzi_Shufaa:

Huduma hii mnaipata wapi? Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hospitali kadhaa za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Selian ya Arusha ikiwemo, zina timu za huduma shufaa, yaani za kumtuliza mgonjwa wa ugonjwa mzito maumivu na dalili nyingine, zinazofika majumbani. Kenya ipo Nairobi Hospice tangu 1990. Uganda Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi na matabibu waliofunzwa huko wanaruhusiwa kuandika mofini. Ulizeni hospitali ya wilaya au ya dayosisi iliyo karibu, mkiwa na karatasi za rufaa.

Sasa saa za mwisho. Ataacha kula. Msimlishe kwa nguvu. Mwili hauhitaji tena, na uji uliomwagwa kooni unaingia kwenye mapafu. Miguu na mikono inapoa na kuwa na mabaka. Pumzi inakuja haraka, inakatika, inarudi. Kimya kinaweza kuzidi nusu dakika. Koo linakoroma kwa sababu hawezi kumeza mate. Sauti hiyo huwatesa wasikilizaji, yeye kwa kawaida haimsumbui. Mlazeni ubavu, kichwa kikiinama kidogo ili mate yatoke. Maumivu hayaishi kwa sababu amelala, kwa hiyo msikate mofini kiholela. Asipoweza kumeza, pigeni simu mapema muelekezwe njia nyingine.

Ongeeni naye kama anayesikia. Msigawane mali juu ya kitanda chake. Mmoja amshike mkono na kusema, "Mikononi mwako naiweka roho yangu," Zaburi 31:5, maneno ambayo Bwana mwenyewe aliyasema akifa.

Akishatulia, hakuna haraka. Ombeni, kisha andikeni saa. Mjulisheni mchungaji au paroko, kiongozi wa mtaa, na timu ya hospitali kwa ajili ya kibali cha mazishi na cheti cha kifo. Mofini iliyobaki isigawiwe kwa jirani mwenye maumivu wala isimwagwe chooni. Irudisheni kwenye hospitali iliyoitoa, pamoja na daftari la dozi, ili wahesabu na kufunga faili.